Maumivu sugu ya kichwa na tiba ya kunyoosha shingo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara kutoka kwa watu wanaoumwa kichwa miezi nenda rudi, ambao wamesikia kwamba kuna matabibu wa kairopraktiki wanaotibu kwa kunyoosha shingo. Tumeanza na ya msingi na kumalizia na hali za pekee. Kama una haraka, nenda kwanza kwenye sehemu ya usalama, kabla hujamruhusu mtu yeyote akuguse shingo.

## Mambo ya msingi

Kairopraktiki ni nini hasa?

Ni taaluma ya kutibu viungo, misuli na uti wa mgongo kwa mikono. Tabibu hupapasa pingili, hupima jinsi kila kiungo kinavyocheza, kisha hukisukuma taratibu au kwa msukumo mfupi wa ghafla. Wengi huongeza kukanda misuli na kufundisha mazoezi.

Ilianzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Palmer aliamini kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama kidogo na kuvuruga mishipa ya fahamu. Dai hilo halikuwahi kuthibitika, lakini hadi leo wapo wanaolishikilia. Wenzao wengine wameliacha na hujishughulisha na mgongo, shingo na viungo tu. Tofauti hiyo ni kubwa kwako wewe mgonjwa. Tabibu anayekuambia atakushusha presha, atakuponya kisukari au ugumba kwa kukunyoosha shingo, ondoka kwake hata kama ofisi yake inapendeza.

Ana tofauti gani na mtaalamu wa fiziotherapia?

Mafunzo na leseni ni tofauti, lakini kwa upande wa shingo kazi ya mikono inafanana sana. Wataalamu wengi wa fiziotherapia hujua kulegeza viungo vya shingo, na baadhi ya ushahidi bora tulio nao, ukiwamo ule wa Australia tutakaoueleza chini, ulitokana na mikono yao. Kwa hiyo usikate tamaa kama mkoani kwako hakuna kairopraktiki. Hospitali za rufaa zina idara za fiziotherapia, na mara nyingi utapata huko kile kile unachokihitaji.

Ule mlio wa "ko!" shingoni ni nini? Ni mfupa unarudi mahali pake?

Hapana. Ndani ya kiungo kuna ute, na ndani ya ute kuna gesi iliyoyeyuka. Nyuso za kiungo zikitengana ghafla, shinikizo hushuka na uwazi wenye gesi hujitokeza. Mwaka 2015 watafiti nchini Kanada walipiga picha za MRI za vidole wakati vinaalishwa, wakauona uwazi huo ukitokea papo hapo na mlio.

Basi mlio hauthibitishi kwamba tiba imefanya kazi, na kukosekana kwake si dalili kwamba imeshindwa. Tabibu anaweza kukutibu vizuri kabisa pasipo mlio wowote.

Maumivu ya kichwa huitwa sugu yakifikia wapi?

Kitaalamu ni pale kichwa kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Hayahesabiwi kwa ukali bali kwa siku. Mtu anayezimia kwa maumivu mara mbili kwa mwaka hana maumivu sugu, ila yule anayeamka na kichwa kizito siku nne kila wiki anayo, hata kama anaenda kazini kama kawaida.

## Kichwa chako kina maumivu ya aina gani?

Kwa nini nianze na aina? Si maumivu ni maumivu?

Kwa sababu kunyoosha shingo kunasaidia aina moja vizuri, aina nyingine kidogo, na nyingine hakusaidii kabisa. Tukilazimika kukupa ushauri mmoja tu katika ukurasa mzima, ni huu: jua kwanza aina ya maumivu yako, halafu ndipo uamue kama shingo inyooshwe.

Nunua daftari dogo. Kwa wiki nne andika siku yaliyoanza, saa, upande wa kichwa, kama shingo ilitangulia, kama mwanga au kelele vilikukera, kama ulitapika, ulilalaje, uko siku gani ya hedhi, na dawa gani ulimeza, vidonge vingapi. Daktari au tabibu mzuri atafurahi kuliona daftari hilo kuliko kipimo chochote ulichokuja nacho.

Nitajuaje kama maumivu yangu yanatoka shingoni?

Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu za shingo hukutana na mshipa wa fahamu wa uso mahali pamoja kwenye shina la ubongo. Ubongo unapopokea taarifa kutoka hapo, unaweza kuyasikia maumivu ya shingo kana kwamba yako juu ya jicho au kwenye paji. Ndiyo maana mtu hushika kipaji wakati tatizo liko chini ya kisogo.

Dalili zake za kawaida: maumivu huanzia kisogoni na kupanda mbele, hukaa upande ule ule mmoja bila kuhamahama, huamshwa na kugeuza shingo au kukaa kwa muda mrefu katika mkao mmoja, na shingo yenyewe haigeuki vizuri kama zamani. Fundi cherehani anayeinama kutwa, karani aliyekodolea kompyuta, au mtu aliyegongwa gari kwa nyuma miezi iliyopita, ndio watu wa kuwafikiria hapa. Hata hivyo dalili moja peke yake haitoshi. Soma jibu linalofuata.

Nina kipandauso, na shingo huniuma pia. Basi shingo ndiyo chanzo?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na wakati mwingine matabibu nao. Maumivu ya shingo ni sehemu ya kipandauso chenyewe kwa wagonjwa wengi. Hutokea kabla au wakati wa shambulio kwa sababu ya njia ile ile ya mishipa ya fahamu tuliyoieleza hapo juu. Shingo inauma kwa sababu ya kipandauso, wala si kipandauso kinatokana na shingo.

Kipandauso hutambulika kwa maumivu ya kudunda, ambayo huzidi ukipanda ngazi au kufanya kazi, kichefuchefu, na kukimbilia chumba chenye giza na ukimya. Shambulio lisipotibiwa huchukua saa 4 hadi siku 3. Wengine huona kwanza vimulimuli au mistari ya mwanga. Mara nyingi kiko kwenye ukoo, kwa hiyo muulize mama au shangazi.

Maumivu ya mkazo je?

Ni kama mshipi uliokaza kichwa pande zote mbili. Hayadundi, hayatapishi, na unaweza kuendelea na shughuli ingawa kwa tabu. Ndiyo aina ya kawaida kuliko zote. Misuli ya shingo na mabega huwa migumu ukiibonyeza.

Nameza Panadol karibu kila siku. Inaweza kuwa ndiyo inayoniumiza kichwa?

Ndiyo. Jibu hili huwashangaza watu, na ni kwa bahati mbaya sana halisemwi vya kutosha kwenye maduka ya dawa. Dawa ya kutuliza maumivu ikitumiwa mara nyingi mno hugeuka na kuyaendeleza maumivu yale yale. Kwa dawa za kawaida kama parasetamoli au ibuprofeni, mpaka ni siku 15 kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye parasetamoli, aspirini na kafeini pamoja, mpaka ni siku 10 tu. Ni hivyo hivyo kwa dawa za jamii ya kodeini na tramado.

Kama uko huko, hakuna mikono ya tabibu itakayokuponya mpaka dawa ipunguzwe. Siku za mwanzo za kuacha, kwa kawaida kati ya siku 2 na 10, maumivu huzidi kabla ya kupungua. Ndiyo maana ni vema ufanye hivyo ukiwa na daktari. Tramado au kodeini usiziache ghafla peke yako.

Ninaambiwa ni presha, au taifodi, au malaria isiyosikia dawa.

Presha ya kawaida, hata ikiwa imepanda kiasi, kwa kawaida haiumizi kichwa. Ikifika 180 kwa 120 hivi na kichwa kinauma, hiyo ni hospitali leo hii. Malaria huleta homa na huonekana kwenye kipimo. Kichwa kinachouma kwa miezi sita bila homa, na vipimo havionyeshi vimelea, si cha kutibiwa kwa dozi nyingine ya malaria. Tumewaona watu waliotibiwa taifodi mara nyingi kwa mwaka mmoja ilhali walikuwa na kipandauso tangu ujana wao. Omba kipimo kabla ya dawa.

## Inasaidia kiasi gani?

Kama maumivu yanatoka shingoni, nitegemee nini?

Hapa ushahidi ni mzuri kuliko kwingine. Mwaka 2002 jaribio la Australia liliwagawa watu 200 katika makundi manne: walionyooshwa shingo, waliofanya mazoezi maalumu, waliopata vyote viwili, na wasiopata tiba hiyo. Tiba ilikuwa ya wiki 6. Makundi yote matatu yaliyotibiwa yalipata nafuu kuliko la nne, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo baada ya mwaka mzima.

Mwaka 2018 jaribio la Marekani la watu 256 lilitaka kujua ni mara ngapi inatosha. Waliotibiwa mara 18 ndani ya wiki 6 walitoka takriban siku 16 za maumivu katika wiki nne hadi takriban 8. Lakini sehemu ya nafuu hiyo ilipatikana pia kwa waliokandwa tu kwa wepesi. Tofauti halisi kati yao ilikuwa kama siku 3 katika wiki nne. Kwa mtu anayeumwa nusu ya mwezi, siku 3 si haba. Ila asikuahidi mtu kupona kabisa.

Na kipandauso?

Matumaini yapunguzwe. Nchini Norway watafiti waliwagawa wagonjwa 104 wa kipandauso, wengine wakanyooshwa kikweli, wengine wakafanyiwa kitendo cha kuigiza kilichofanana nacho, na wengine wakaendelea na dawa zao za kawaida tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: makundi yale mawili ya kwanza yalipata nafuu, na waliotibiwa kikweli hawakuwazidi wale wa kuigiziwa. Inaelekea nafuu ilitokana na kuhudumiwa na kuamini, si na kunyooshwa.

Kipandauso cha mara kwa mara kina dawa za kuzuia, kama propranolol au amitriptyline, na hizo zipo katika hospitali nyingi za wilaya kwa bei nafuu. Mwenye pumu amwambie daktari, kwa sababu propranolol haimfai. Kuzikosa dawa hizi huku unalipia kunyooshwa kila wiki ni hasara tunayoiona mara nyingi mno.

Na maumivu ya mkazo?

Jaribio la Denmark la mwaka 1998 liliona kwamba, kwa maumivu ya mkazo yanayokuja na kuondoka, kunyoosha hakukuongeza kitu juu ya kukandwa misuli. Basi kukandwa, kutembea, kulala vizuri na mazoezi ya shingo vitangulie.

Ni mara ngapi niende kabla sijaamua?

Jipe wiki 6 huku daftari likiendelea. Siku za maumivu zisipopungua kwa namna inayoonekana kwenye kurasa zako, acha na urudi kwa daktari. Usilipie kifurushi cha miezi mingi kabla hujaona nafuu, hata ukipewa punguzo.

Lazima nipigwe eksirei ya uti wote wa mgongo?

Hapana, isipokuwa kuna ajali, dalili ya hatari au sababu atakayokueleza ukaielewa.

Kuna mazoezi ya kufanya nyumbani?

Lipo moja lililotumika katika jaribio lile la Australia, na halina gharama. Lala chali, magoti yamekunjwa, bila mto au kwa kitambaa chembamba chini ya kichwa. Inamisha kidevu polepole kama anayeitikia "ndiyo" kwa kichwa, bila kuinua kichwa wala kukaza misuli ya mbele ya koo. Shikilia sekunde 10, legeza, rudia hadi mara 10, asubuhi na jioni. Ukisikia misuli minene ya pembeni mwa shingo imesimama, umetumia nguvu nyingi, punguza. Mwendo ni mdogo sana, na watu huudharau kwa sababu hauchoshi. Ndio huo huo unaoamsha misuli ya ndani inayoshikilia shingo.

## Usalama

Ni dalili zipi zinanipeleka hospitali badala ya kwa tabibu wa shingo?

Nenda hospitali bila kusubiri kama:

- maumivu yameanza ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, makali kuliko yote uliyowahi kupata;
- una homa na shingo ngumu, au mwanga unakuumiza na umechanganyikiwa;
- mkono au mguu umelegea, uso umepinda, maneno hayatoki, au umepata kifafa kwa mara ya kwanza;
- umeumia kichwa au shingo;
- maumivu ni mapya na una zaidi ya miaka 50, au una VVU, saratani au ujauzito;
- yanazidi wiki hadi wiki, yanakuamsha usiku, au huongezeka ukikohoa na kuinama, na macho yanafifia.

Kwa mwenye VVU, hasa ambaye hajaanza dawa au aliziacha, kichwa kinachouma kwa wiki kadhaa kinaweza kuwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, ambayo hupanda polepole na huua. Apimwe.

Ni kweli kunyooshwa shingo kunaweza kuleta kiharusi?

Ni nadra, lakini swali ni la haki na anayelicheka hafai kukutibu. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Ukuta wa mshipa ukichanika, damu huganda hapo na kipande kinaweza kuziba mbele.

Uchunguzi wa jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2008, ulipitia wagonjwa 818 wa kiharusi cha aina hiyo. Walio chini ya miaka 45 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa walimwona tabibu wa kairopraktiki karibuni. Lakini uhusiano kama huo ulionekana pia kwa waliokwenda kwa daktari wa kawaida. Maelezo yanayokubalika ni kwamba wengi walikuwa tayari na mshipa uliochanika, na maumivu ya mchaniko huo ndiyo yaliyowapeleka kutafuta tiba. Hilo halimtoi tabibu hatiani moja kwa moja, kwa sababu kusukuma shingo yenye mshipa uliokwisha kuchanika kunaweza kumaliza mambo vibaya. Mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri kila mgonjwa aelezwe kuhusu uhusiano huu kabla ya kunyooshwa.

Kwa hiyo, maumivu mapya ya shingo au kisogo, usiyowahi kuyapata, hasa yakija na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, kushindwa kumeza, kuyumba au ganzi ya uso, hayanyooshwi. Dalili hizo zikitokea baada ya kunyooshwa, usirudi kwa tabibu. Nenda hospitali na useme ulifanywa nini.

Kinyozi wangu hunialisha shingo kila nikimaliza kunyoa. Ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Kinyozi hakukuuliza historia yako, hakupima chochote, na hugeuza kichwa hadi mwisho wa mzunguko kwa nguvu za mikono yote miwili. Starehe ya kukandwa kichwa na mabega haina ubaya. Ile ya mwisho, ya kushika kidevu na kunyonga, mwambie aiache: "Kaka, hapo panatosha." Wengi hawabishi.

Nimetoka kunyooshwa na shingo inauma. Kawaida?

Uchovu, maumivu madogo au kichwa kuuma kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida. Yakipita hapo, au zikija dalili za jibu lililotangulia la kiharusi, si kawaida tena.

Naweza kukataa ule msukumo wa ghafla?

Ndiyo, kabisa. Zipo njia za kulegeza viungo polepole, bila mlio, na tabibu aliyesoma anazijua. Akisema bila msukumo hawezi, tafuta mwingine.

## Kumpata tabibu

Nitajuaje kama amesomea?

Afrika Mashariki matabibu hawa ni wachache na wamesomea nje. Afrika Kusini huwafundisha katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Marekani, Uingereza na Denmark pia wana shahada zao. Muulize alisoma chuo gani, miaka mingapi, na amesajiliwa wapi. Kozi ya wiki chache si taaluma hii. Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililotokana na sheria ya mwaka 2002. Kenya wataalamu wa fiziotherapia wana baraza lao. Ndugu walioko Uingereza wanaweza kulitafuta jina kwenye orodha ya General Chiropractic Council, baraza linalowasajili matabibu hawa huko, iliyo wazi kwa umma.

Jambo la kumpima zaidi ni siku ya kwanza. Amekuuliza maswali kwa muda wa kutosha? Amekupima presha, macho, nguvu za mikono? Amekueleza hatari na kukuomba ruhusa? Aliyekulaza kitandani dakika ya tatu hajui anatibu nini.

Bima inalipa?

Waulize bima yako kwa maandishi kabla ya kuanza. Fiziotherapia yenye barua ya daktari ina nafasi kubwa zaidi ya kukubaliwa.

## Hali za pekee

Mimi ni mjamzito.

Ikiwa mimba imepita wiki 20 na kichwa kimeanza kuuma, presha na mkojo vipimwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kinaweza kuwa ni kitangulizi cha kifafa cha mimba. Hatari hiyo huendelea pia wiki za kwanza baada ya kujifungua. Ikishathibitika si hicho, kukandwa kwa wepesi na mazoezi vinaruhusiwa.

Mtoto wangu analalamika kichwa. Nimpeleke akanyooshwe?

Usimpeleke. Mpeleke kwa daktari wa watoto, apimwe na macho pia. Mtoto mchanga shingo yake isinyooshwe na mtu yeyote kwa sababu yoyote.

Nani asinyooshwe shingo kabisa?

Mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani iliyofika mifupani, mifupa iliyodhoofika, baridi yabisi iliyoshambulia shingo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin. Mwenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa mwili na akili) naye, kwa kuwa pingili zake mbili za juu huweza kuwa zimelegea. Mwenye siko seli akiumwa kichwa kwa namna mpya aende hospitali kwanza, maana hatari yake ya kiharusi iko juu tangu utotoni.

Nilianguka na bodaboda mwezi uliopita, kichwa kinauma tangu siku ile.

Picha kwanza, mikono baadaye. Pingili iliyovunjika kidogo inaweza kumruhusu mtu atembee na kufanya kazi, na damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa wiki kadhaa, hasa kwa wazee na wanywaji wa pombe.

Kichwa huniuma kila nikisuka. Nako ni shingo?

Hapana, ni ngozi ya kichwa inayovutwa. Fumua, na maumivu yataisha ndani ya muda mfupi, kwa kawaida saa moja hivi. Yasipoisha, rudi kwenye daftari. Mwambie msusi asikaze kwenye kingo za paji na apunguze uzito wa nywele za kuunga. Nywele zako nazo zitapona kukatika.